Saini Yangu kwenye Mifuko ya Saruji



Ndugu zangu Waislamu, wengi wenu mlioko mjini Mwanza mnaifahamu Bujora kwa makumbusho ya Wasukuma. Mimi ni mkazi wa huko, na kinachoninyima usingizi ni darasa la awali la shule moja ambayo sitaitaja.

Zilipokuja fedha za serikali kujenga darasa hilo, wananchi walinichagua kwenye kamati ya mapokezi. Siku saruji ilipoletwa nilichelewa, nikakuta imeshaingizwa stoo. Nikapewa fomu ya mifuko 50, nikatia saini. Jioni nilichungulia dirishani nikahesabu mifuko 38. Nikajiambia labda mingine imewekwa kwingine. Nikanyamaza. Leo sakafu ile imechimbika, na watoto wa miaka mitano, wa kwetu na wa jirani zetu Wakristo, wanakaa kwenye vumbi.

Tangu Januari 2016 elimu ya awali katika shule za serikali haina ada, na mpango wa BOOST, uliopata dola milioni 500 za Benki ya Dunia mwaka 2021, umeongeza madarasa ya wadogo hawa. Ujenzi wa namna hii haupewi kampuni kubwa. Fedha huingia akaunti ya shule, hutafutwa mafundi wa hapo hapo, na wananchi wenyewe huunda kamati za manunuzi, ujenzi na mapokezi. Ni kweli diwani ana haki ya kuhoji na halmashauri ina mkaguzi wake. Lakini mkaguzi akija hufungua faili, na ndani ya faili atakuta saini yangu inayosema mifuko ni 50. Hapo atakagua nini tena?

Tazameni aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Suratul Baqarah aya ya 282. Haizungumzii swala wala hija, bali deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, wawepo mashahidi. Aya inayofuata inatuonya kuwa anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi. Na Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, aliporudi alimfanyia hesabu. Yule bwana aliposema hii ni yenu na hii nimepewa zawadi, Mtume (s.a.w.) alimkemea na kuuliza, je, angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingemfuata? Kama sahaba alikaguliwa, mimi ni nani nisikaguliwe?

Cha ajabu, balbu moja ya madrasa ikipotea tunakesha tukiulizana. Darasa la awali tunaliita la serikali, kana kwamba kodi iliyolijenga haikutoka kwenye sukari na vocha zetu.

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inataka mkutano wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu. Wa kwetu ulipoitishwa mara ya mwisho, Waislamu tuliohudhuria tulikuwa watatu, ilhali Ijumaa msikiti haututoshi.

Nimemwandikia mwenyekiti barua, nikiomba suala la saruji liwe ajenda ya mkutano ujao. Nitasimama niseme nilisaini nini na nilihesabu mingapi. Mke wangu anauliza kama nimejiandaa kwa yatakayofuata. Kwa kweli, bado.