Deni kwa Wasiozaliwa

Hapa Igoma, kama kwingineko Mwanza, tunaishi katikati ya mawe. Tunajenga juu yake, tunayaanikia nafaka, na wapo akina mama wanaoyagonga kuwa kokoto ili wapate ada za watoto. Lakini ng'ambo ya Ghuba, huko Geita, miamba ni ya namna nyingine. Ina tabaka za chuma ambazo nguvu za ardhi zilizikunja kama mkeka, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mwamba ulipopindika ulipasuka; maji ya moto kutoka chini yakapenya katika nyufa hizo na kuacha dhahabu. Wajerumani waliigundua mwaka 1898. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000.

Swali langu ni hili: je, kizazi kimoja kina haki ya kumaliza kitu ambacho hakikukipanda, na ambacho hakitaota tena? Mkulima wa Usukuma hula mtama wake bila wasiwasi, kwa kuwa ametenga mbegu. Dhahabu haina mbegu.

Wako wanaosema tuiache ardhini. Siafikiani nao, maana njaa ya leo ni ya kweli, na mtoto asiyetibiwa leo hatakuwa mzazi wa hao wajao. Wako pia wanaosema ni mali yetu, wajao watajitafutia yao. Hao nao siwaungi mkono. Sheria yetu ya mwaka 2017 inatamka kwamba maliasili ni za wananchi, na Rais anazishika kwa dhamana kwa niaba yao. Mwenye dhamana ni kama mlezi wa yatima. Mlezi akiuza ng'ombe wa yatima ili amsomeshe, tutamsifu. Akiuza ili anywee pombe, tutamlaani. Kote kuwili ng'ombe hayupo tena; tofauti ni kile kilichoingia mahali pake.

Tutazame Kilembe, Uganda, katika bonde la mto Nyamwamba chini ya milima ya Rwenzori. Shaba ilichimbwa huko kwa wingi tangu mwaka 1956 hadi 1982. Shaba ilikwenda zake, lakini malundo ya mabaki ya mgodi yalibaki kando ya mto, na mafuriko yamekuwa yakiyamega na kuyapeleka kwa watu walioko chini. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mgodi ulipofungwa. Urithi waliopata ni takataka.

Uzito wa deni hili ni kwamba anayetudai hawezi kuja mlangoni. Hana kura, hana wakili, wala hawezi hata kutusamehe. Kwa deni la namna hiyo, mdaiwa hana budi kujidai mwenyewe.

Basi tuuchukue mrabaha wa asilimia 6 tunaotoza kwenye dhahabu. Ukiishia katika posho na mafuta ya magari ya mwaka huu, tumekula mbegu. Ukijenga shule yenye walimu, ukaleta maji safi, ukafukia mashimo na kupanda miti, tumemwachia yatima kitu. Kila bajeti inaposomwa, wananchi wa Geita na Mwanza wana haki ya kuuliza fedha hizo zimegeuka kuwa nini.