Kikombe cha Mama Yake Samsoni



Katika Waamuzi 13 twasoma habari za mke wa Manoa. Malaika alipompasha kwamba atapata mtoto, alimwonya ajihadhari na divai na kileo. Samsoni alikuwa hajazaliwa, lakini kikombe cha mama yake kilikwisha kumhusu.

Mungu ametutilia ubongoni, sisi na wanyama, saa ituambiayo wakati wa kulala na wa kuamka. Wataalamu wa Texas, Marekani, walieleza mwaka 2001 jinsi walivyowapa kileo watoto wa panya tangu siku ya 4 hadi ya 9 baada ya kuzaliwa. Siku hizo ubongo wa panya hukua kama wa mtoto wetu katika miezi ya mwisho tumboni. Walipokuwa wakubwa, waliwekwa gizani usiku na mchana, na saa yao ikaenda mbio kuliko ya wenzao. Kileo kilikwisha zamani, madhara yalibaki.

Mtu si panya. Lakini panya wale hawakuomba kileo, walipewa. Je, mjamzito humiminiwa na nani? Mara nyingi ni sisi, waume na wakwe, tukisema pombe huongeza nguvu na maziwa. Basi tusimnyoshee kidole yeye peke yake. Manoa naye aliuliza mtoto alelewe vipi, akajibiwa habari ya kikombe kile kile.

Mungu aliyetenga mchana na usiku atupe moyo wa kukiondoa mezani. Amina.