Anayekaa Joshini

Ushindi ni wa nani: wa yule ambaye jina lake hutangazwa, au wa wale waliomfikisha mahali pa kutangazwa? Swali hili ni la kale, na kila jamii hulijibu kwa namna yake. Katika zama hizi, mchezo mmoja umeliweka wazi kuliko mingine, nao ni mbio za baiskeli za barabarani, hususan za wanawake wanaoishi kwa kazi hiyo.

Asiyeujua mchezo huo hudhani kwamba kila mpanda baiskeli hujishindania mwenyewe. Sivyo. Kwenye barabara tambarare adui mkubwa wa mwendeshaji ni upepo. Akienda kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zake huishia katika kuipasua hewa iliyo mbele yake. Anayemfuata kwa karibu huweza kuokoa robo ya nguvu hizo, na pengine zaidi. Kwa hiyo timu humteua mmoja awe kiongozi, na waliobaki humkinga. Mabaharia wa mwambao hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Upo upande wa joshini unaopigwa na upepo, na upo upande wa demani uliosetirika. Msaidizi hukaa joshini ili kiongozi akae demani. Humletea maji, humpa gurudumu lake tairi la kiongozi likipasuka, humvuta mpaka chini ya mlima, kisha huachwa nyuma pumzi zimemwishia. Wafaransa humwita kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani.

Je, huo si udhalimu? Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na hapa mmoja huchuma juani, mwingine akala kivulini. Lakini wenye mchezo wana majibu, na majibu yao yanastahili kusikilizwa. Msaidizi ameingia kwa hiari na kwa mkataba. Mshindi, kwa desturi, hugawana fedha za zawadi na wenzake. Isitoshe, zamu ya msaidizi huweza kufika. Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, na tarehe 27 wanawake walipanda na kushuka vilima vya mji huo kwa masafa ya kilomita 164.6. Aliyeshinda alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, mwenye umri wa miaka 24, ambaye kazi yake ya kawaida katika timu ilikuwa kuwasaidia wengine. Wachache walimtazamia. Siku hiyo aliyezoea joshini alifika wa kwanza.

Hata hivyo, majibu hayo ni mapya kwa wanawake. Mbio za barabarani za wanaume zilikuwamo katika Olimpiki ya mwaka 1896. Za wanawake ziliingizwa mwaka 1984. Kima cha chini cha mshahara katika timu za daraja la juu za wanawake kiliwekwa mwaka 2020 tu. Kwa Mwafrika mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka bara hili kushiriki mashindano ya dunia, nayo yalikuwa ya Richmond, Marekani, mwaka 2015. Ucheleweshaji huo haukutokana na uhaba wa miguu yenye nguvu.

Miguu hiyo ipo, na mmojawapo wa mifano yake ni Uluguru. Mji wa Morogoro umelala kwenye mwinuko wa mita 500 hivi. Milima iliyo nyuma yake hupanda hadi zaidi ya mita 2,600. Kutoka vijiji vya juu wanawake hushuka kwa miguu, mikungu ya ndizi na matenga ya mboga yakiwa vichwani, wakauza sokoni, kisha wakaupanda mlima tena kurudi kwao. Baiskeli huonekana zaidi huku chini, na mara nyingi aliyeipanda ni mwanamume. Wala haitoshi kusema kwamba mwanamke wa huko hana kitu. Kwa mila ya Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi hurithiwa kwa njia hiyo. Shamba lina jina la ukoo wake. Mzigo nao uko kichwani mwake. Haki ya kumiliki haikuja pamoja na haki ya kutuliwa. Mlima wenyewe unafanana naye: vijito vyake huulisha mto Ruvu, Ruvu huwanywesha watu wa Dar es Salaam, na wanywaji ni nadra kuuliza maji yameanzia wapi.

Atatokea wa kupinga. Atasema kwamba mzigo wa mama ni mapenzi, na kuupima kwa mikataba na mishahara ni kuuvunjia heshima. Hoja hiyo ina ukweli, kwani si kila jema hulipwa kwa fedha. Lakini sadaka hutolewa na mwenye uwezo wa kuizuia. Kinachochukuliwa kwa lazima hakiwi sadaka hata kikiitwa kwa jina hilo. Ili kutofautisha utumishi wa heshima na ule wa dhuluma, yapo maswali matatu ya kuuliza. Je, anayetumika anaweza kukataa? Je, kazi yake inajulikana na kutajwa? Je, zamu yake inaweza kufika? Msaidizi wa Kigali alikuwa na majibu matatu. Msichana wa Uluguru mwenye mapafu ya bingwa huenda asiwe na hata moja. Hasara yake si kukosa medali, kwa kuwa wapanda baiskeli wengi hustaafu bila kushinda mbio kubwa yoyote. Hasara yake ni kwamba hakuulizwa kamwe angependa kukaa upande gani.

Hapa ndipo sanaa ya maneno inapoguswa. Washairi wa mwambao, tangu zamani, wamemsifu mwanamke kwa subira na ustahimilivu, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini sifa ikitolewa mahali pa msaada, hugeuka kuwa malipo ya bei nafuu: msifiwa hubaki na mzigo, msifu akabaki na shairi. Anayekaa joshini kwa hiari yake ni mkarimu, na anastahili kila beti. Anayekalishwa huko maisha yake yote anastahili kwanza kupokewa zamu, kisha ndipo aimbiwe.