Kilima Hakijali Saa Yako

Mpendwa, kule Uswisi kuna mbio za milimani za Sierre-Zinal: kilomita 31, na kupanda kama mita 2,200. Mkimbiaji wa barabara akifika pale na mwendo wake wa lami, saa ya mkononi inamwaibisha. Mwinuko ukizidi, hata wazoefu hutembea, mikono kwenye magoti. Yeye anaona kutembea ni kushindwa, analazimisha, pumzi inakata mapema.

Isaya 40:31 inataja kuruka, halafu kukimbia, na mwisho kabisa kutembea. Sisi tuliosomea biashara tulifundishwa kupima ukuaji kila robo mwaka! Lakini wewe uliyepoteza kazi na bado unalipa karo kidogo kidogo, usijipime kwa mwendo wa mwaka jana. Njia imebadilika. Na tafadhali, wazee wa kanisa, msimuulize mbona haendi mbio siku hizi.