Saa Tisa ya Petro na Saa Tisa Yetu



Mwezi uliopita, baada ya semina ya vijana parokiani, kijana mmoja alinivuta pembeni akaniuliza, "Frateri, haya mambo ya kusali kwa saa si ya Waislamu? Sisi si tunasali tukijisikia?" Hakuwa anatania. Nilicheka kidogo, halafu nikaona aibu, maana lile swali la pili lilikuwa langu kabla halijawa lake.

Nianze na la kwanza, ndilo jepesi. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 3. Petro na Yohane wanapanda kwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa, na mlangoni wanamkuta yule kiwete. Sura ya 10, Petro yuko Yafa, anapanda darini kusali, saa sita. Siku ya Pentekoste watu wanadhani mitume wamelewa, Petro anawajibu kwamba ndiyo kwanza saa tatu. Sasa ona raha ya Kiswahili: sisi hatuhitaji kupiga hesabu. Mzungu akisoma habari ya saa ya tisa lazima aitafsiri kichwani ndipo ajue ni alasiri. Kwetu saa tisa ni saa tisa, kwa sababu tunazihesabu saa tangu jua linapochomoza, kama walivyozihesabu wao. Saa tatu, saa sita, saa tisa: ndizo saa ambazo Kanisa linazishika hadi leo katika Sala ya Mchana. Na ukimsoma Marko utaona kwamba Bwana alisulubiwa saa tatu, giza likaingia saa sita, na saa tisa akalia kwa sauti kuu, akakata roho.

Hata kabla ya hapo, Danieli alisali mara tatu kwa siku, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, na hakuacha hata baada ya mfalme kupiga marufuku. Wakristo wa mwanzo kabisa, katika kile kitabu kidogo kiitwacho Didake, waliagizwa kusali Baba Yetu mara tatu kwa siku. Tertuliano wa Kartago, Mwafrika mwenzetu wa kule kaskazini, karibu na mwaka 200 anazitaja saa zile zile. Kwa hiyo jirani yako Mwislamu anaposimama kwa adhuhuri, anashika lake. Wewe ukisimama saa sita, humuigi mtu. Unarudi kwenu.

Wengi hudhani kile kitabu kinene chenye utepe wa rangi rangi ni cha mapadre na masista tu. Kweli, shemasi anapopewa daraja anaahidi kuisali Liturujia ya Vipindi, na kwake ni wajibu. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, unawahimiza walei nao waisali, na Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1174, inawaalika waamini wote. Hivyo mwaliko unao tayari, hata kama hakuna aliyekusomea.

Tuje kwenye kujisikia.

Seminarini kuna kengele. Inalia gizani, unanawa uso, unashuka kanisani, unaimba zaburi (wengine tunaimba tukiwa bado usingizini, Mungu anajua). Likizo moja nikarudi nyumbani, ambako hakuna kengele. Siku ya kwanza nikasema nimechoka na safari. Siku ya pili kulikuwa na wageni. Wiki ya tatu kitabu bado kilikuwa ndani ya begi. Nikagundua kwamba miaka yote ile kengele ndiyo iliyokuwa inasali. Badala ya kutubu nikajijengea hoja: kusali bila kujisikia ni unafiki, Mungu anataka moyo. Nina shahada ya falsafa, na mwenye shahada hiyo hakosi hoja ya kutetea uvivu wake.

Kisha baba akaugua ghafla. Usiku wa Ijumaa nilikuwa nimekaa kwenye benchi wodini, mashine inapiga kelele, mama amesinzia ukutani. Hapo nilijisikia kusali kuliko siku zote za maisha yangu, lakini maneno hayakuja. Nikisema "Bwana," naishia hapo. Ndugu zangu, hilo hakuna aliyeniambia: unaweza kuwa na moyo umejaa na mdomo mtupu.

Nikatoa simu nikafungua Sala ya Mwisho, ile ya kabla ya kulala. Zaburi ya Ijumaa usiku ni ya 88. Ni zaburi ngumu kuliko zote. Zaburi nyingi za maombolezo mwishoni hugeuka na kumshukuru Mungu. Hii haigeuki. Mtu analia mchana na usiku, anajiona amehesabiwa pamoja na wanaoshuka shimoni, marafiki wamemkimbia, na inaishia gizani. Hakuna faraja ya haraka haraka. Niliisoma polepole na kila mstari ulikuwa wangu. Na Kanisa halikuuweka usiku ule kwa ajili yangu. Huwekwa kila Ijumaa, mtu akiwa na furaha au akiwa wodini.

Nikakumbuka nimeisali Ijumaa ngapi nikiwa nawaza kitanda. Kumbe ile ilikuwa akiba. Na wiki zile tatu nilizolala, kuna watu mahali fulani waliisali kwa niaba ya wote waliokaa kwenye mabenchi kama lile.

Alfajiri, kijana aliyekuwa anamuuguza babu yake kitanda cha jirani alitandika mkeka koridoni akasali. Mimi nikafungua Masifu ya Asubuhi. Wimbo wa Zakaria, unaosaliwa kila asubuhi, unataja mapambazuko yanayowajia waliokaa gizani. Usiku zaburi ilikuwa imeniacha gizani, na sasa wimbo ukanikuta pale pale. Hatukusemezana na yule kijana, ila baadaye aliniletea chai. Baba alitoka baada ya siku kumi na moja.

Basi, ni unafiki? Hebu fikiri: asubuhi unamwamkia bibi yako "Shikamoo." Unasubiri kwanza ujisikie heshima moyoni? Unaamkia kwa sababu ni asubuhi na yeye ni bibi, na kwa kuamkia hivyo miaka na miaka heshima inaota mizizi. Aristotle alisema jambo la namna hiyo kuhusu fadhila, kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda ya haki. (Nivumilieni, ada ya shule ililipwa.)

Usianze na vipindi vyote, utachoka kabla ya Jumapili. Chagua saa moja. Malaika wa Bwana saa sita mchana inatosha kuanzia, na wakati wa Pasaka tunasali Malkia wa Mbingu. Ukitaka zaburi, anza na Sala ya Mwisho: ni fupi na haina kupekuapekua kurasa. Ukishindwa na utepe, muulize sista yeyote, atafurahi. Na ukipitiwa, usijiwekee deni la kulipa usiku wa manane. Subiri kipindi kinachofuata.

Yule kijana aliyeniuliza ni fundi gereji. Ameweka kengele ya simu saa tisa. Juzi amenitumia ujumbe: ililia akiwa chini ya gari, mikono imejaa grisi, akasali Baba Yetu hapo hapo. Bosi wake akainama na kumuuliza anaongea na nani.