Kosa la Anayejifunza ni la Nani?

Nilipomaliza skuli ya sekondari nilijiambia nitakuwa mwandishi wa riwaya, na mpaka hiyo riwaya itoke, nitakuwa kila kitu chengine. Basi siku ami alipokuja na redio mpya ya gari, aliyoinunua Darajani, akauliza pale barzani nani anamjua fundi asiye ghali, mimi nikadakia: "Fundi wa nini, ami? Ntakufungia mimi."

"Unajua?"

"Najua."

Ndugu msomaji, naomba ulishike hilo neno, tutalirudia.

Ami alikuwa na haki ya kutaka redio nyengine. Toyota yake imetoka Japani ikiwa imeshatumika, kama gari nyingi za hapa Unguja, na redio iliyokuja nayo ilikuwa ya huko huko. Masafa ya FM ya Japani yanaanzia megahezi 76, na redio zao za zamani zikifika 90 zinakoma. Ya kwetu yanapanda mpaka 108. Kwa hiyo una redio nzima, haina ila, na sehemu kubwa husikii ndani yake ila mvumo kama wa bahari. Miaka miwili ami aliendesha gari akijiimbia mwenyewe, na sauti hana.

Kazi yenyewe ukielezwa ni ndogo. Redio mpya ina waya wa manjano unaotaka umeme wa betri saa zote, ili redio isisahau vituo. Ina waya mwekundu unaotaka umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweusi unakwenda kwenye bodi ya gari. Zilizobaki ni za spika, mbili mbili: nyeupe, kijivu, kijani, zambarau. Tabu ni kuwa upande wa gari Toyota ina rangi zake: wa betri ni buluu wenye mstari wa manjano, wa ufunguo ni kijivu, wa bodi ni kahawia. Ipo plagi inayouzwa makusudi ili mtu asikate kitu. Mimi sikuinunua. Nilikata.

Nikachukua kitaa cha kupimia. Buluu ukawasha. Kijivu haukuwasha. Nikasema huu umekufa. Haukufa, masikini, ulikuwa unangoja ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikaunga mwekundu na manjano pamoja kwenye ule wa betri, nikazungusha tepu nyeusi, nikasokomeza vyote nyuma ya dashibodi. Redio ikalia. Ami alifurahi mpaka akaita majirani. Akaona inaimba hata bila ya ufunguo, akaniuliza mbona hivi. Nikamwambia za siku hizi ndivyo zilivyo.

Miezi mitatu baadaye ami alishikwa na homa, gari ikakaa siku tatu barabarani pale Malindi. Alikuwa ameshusha sauti mpaka mwisho, akadhani amezima. Usiku wa tatu, mtoto wa jirani akabanwa na pumu. Nyinyi mnaoishi nje ya Mji Mkongwe huenda hamjui: vichochoro vyetu havipitishi gari, mgonjwa hubebwa mpaka inapopita barabara. Tukambeba. Ami, na homa yake, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, ikatoa mlio mmoja tu, tak. Na gari ya gea otomatiki huiwashi kwa kuisukuma. Mtoto alipelekwa Mnazi Mmoja kwa Vespa, amebanwa katikati ya watu wawili, mama yake anakimbia nyuma miguu mitupu. Alipona, alhamdulillahi. Lakini mimi nilibaki pale nimesimama na tochi.

Asubuhi ami akaibeba betri mpaka kwa aliyemuuzia. Ilikuwa na dhamana ya miezi sita na ilikuwa na mitano. Akamtukana yule kijana mbele za watu, akamwita muuaji, na kijana, ili yaishe, akampa mpya. Betri ya Sh. 160,000. Mimi nilikuwepo, nimeishika ile kuukuu.

Usiku ule nikenda garini peke yangu. Ufunguo hamna, taa zote zimezimwa. Nikaigusa redio, ina vuguvugu. Hapo nikafahamu. Nikaitoa, nikauhamishia mwekundu kwenye kijivu, nikafunga tepu, nikarudi kulala. Sikumwambia mtu.

Sasa suali langu ni hili. Barzani, nilipolitoa kwa kuzunguka, kama kwamba limemfika mtu mwengine, wenzangu walimtetea sana huyo mtu mwengine. Walisema hakuna fundi asiyewahi kuunguza. Ni kweli. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwishafundisha kuwa mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Hakuna njia nyengine. Ila mimi najiuliza, ile nyumba ya mwanzo ya huyo mjenzi, anakaa nani ndani yake?

Upande wa pili, kwenye fiqhi yetu tumesomeshwa kuwa anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi madhara ni juu yake. Zamani niliiona hukumu hii ni kali. Maana ikifuatwa neno kwa neno, nani atathubutu kuanza? Lakini nimeitazama tena, na naona haimkatazi mtu kujifunza. Inamkamata yule anayejitia. Na mimi nilijitia. Kosa langu halikuwa ule waya wa kijivu; kuukosea waya kumo ndani ya kujifunza, na lau ningesema "ami, sijui, lakini nataka kujaribu", ami angekuwa na hiari yake. Pengine angekubali, ananipenda. Angalau redio ilipoimba bila ya ufunguo angeshuku. "Najua" ndilo lililomnyima kushuku.

Na tuseme ami alikubali, na kosa tumegawana. Yule muuza betri alikubali lini? Na yule mtoto?

Sisi tunaoandika tuna bahati. Sura ya kwanza ya riwaya yangu nimeichana mara nne na haikumbana mtu kifua. Pengine ndiyo maana tunazoea kusema "najua" kwa wepesi.

Kilichonizuia kusema, nikiri, si hofu ya kipigo. Ni kuwa nyumbani kwetu ukweli haukuwa na faida kwa mtu. Ami ana betri mpya, redio sasa imefungwa sawasawa, mtoto anacheza mpira. Nikisema, ami atakuwa na deni na aibu ambazo hivi sasa hana. Niliipima hesabu hiyo miezi miwili, na kila nikiipima inatoka vizuri, na kila nikipita Darajani nazunguka njia ya nyuma.

Nilimwambia jioni moja, ndani ya gari, tumesimama tunangoja mvua ipungue. Alizima redio. Akakaa sana.

"Ungelinambia kabla sijamtukana," alisema. Basi, hilo tu.

Tulikwenda wote wawili. Ami alizungumza mwanzo, na kwa umri wake haikuwa kazi nyepesi. Mimi nikatoa Sh. 20,000, nikasema zilizobaki nitaleta kila mwezi. Kijana alizihesabu, akaandika kwenye daftari lake, akatazama nje gari ilipo.

"Na redio yenyewe," akauliza, "inashika?"

Nikamwambia inashika.