Jumatano: Madirisha Yaliyo Wazi

Soma Danieli 6:4–11. Adui za Danieli walichunguza kazi yake wasione kosa. Ni wapi hatimaye walipopata njia ya kumshtaki?

____________________________________

Tazama hasa aya ya 10. Danieli hakuanza kuomba siku amri ilipotiwa sahihi. Alipiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea, na madirisha yake yakabaki wazi.

Mwaka 1977 jaribu la namna hiyo liliwafikia Waadventista wa Uganda. Serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu mengi, yao likiwemo. Yaliyobaki na ruhusa yalikuwa Kanisa Katoliki, Anglikana na Othodoksi, pamoja na Uislamu. Waumini walikutana majumbani kwa siri, hadi utawala huo ulipoanguka Aprili 1979. Katika miezi hiyo, kanisa lilikuwa kile ambacho kila nyumba ilikuwa imezoea kufanya.

Miaka mingi kabla ya hapo, katika Urusi ya Kisovieti, sheria ya Aprili 1929 iliruhusu ibada kwa makundi yaliyosajiliwa tu. Tena iliyakataza makundi hayo kuwa na mikutano ya watoto na vijana, vikundi vya kujifunza Biblia, maktaba, na hata kuwasaidia washiriki wao kwa mali. Waliotunga sheria hiyo walijua mizizi ya kanisa iko wapi: pale mtoto anapofundishwa na mhitaji anaposhikwa mkono.

Linganisha orodha hiyo na Sabato asubuhi mjini Tanga, Muheza au Pangani. Madirisha yako wazi, nyimbo zinasikika hadi barabarani, wala hakuna askari mlangoni. Lakini huenda lesoni haijafunguliwa tangu Sabato iliyopita. Watoto wanacheza chini ya mwembe kwa kukosa mwalimu. Mjane ambaye hajaonekana wiki tatu hajatembelewa na mtu. Hakuna serikali iliyoyakataza mambo hayo. Yameachwa kwa hiari.

Soma Waebrania 10:24, 25. Wanaokusanyika wanapaswa kufanyiana nini?

____________________________________

Tafakari: Kama jengo la kanisa lako lingefungwa juma hili, ni nini kingeendelea nyumbani kwako? Darasa litaje mtu mmoja wa kumtembelea kabla ya Sabato ijayo, na nani atakwenda.